Mzee Santiago na Suala la Kazi ya Peke Yake: Uhakiki wa Riwaya ya Hemingway Kutoka Mwambao wa Ziwa Nyasa

UTANGULIZI

Fasihi haizuki hewani. Huzaliwa na watu wanaofanya kazi, wanaokula au kulala na njaa, na wanaogawana kwa haki au kwa dhuluma kile walichokizalisha. Kwa sababu hiyo mkufunzi wa siasa hawezi kusema kwamba riwaya ni shauri la walimu wa lugha peke yao. Riwaya nzuri hutuonyesha mahusiano ya uzalishaji yakiwa na sura za watu, na mara nyingine hutuonyesha zaidi ya yale ambayo mwandishi mwenyewe alikusudia kuyasema.

Wako wenzetu wanaodhani kwamba kitabu kilichoandikwa na Mmarekani, kikasifiwa na magazeti ya Marekani na kutunukiwa zawadi za nchi za Magharibi, hakiwezi kumfaa mkulima na mvuvi wa Tanzania. Wako wengine wanaodhani kinyume chake, kwamba kitabu kikishapata zawadi basi hakihojiwi tena, bali kinasifiwa tu. Makundi haya mawili yanatofautiana kwa maneno, lakini yote yanakwepa kazi moja, nayo ni kazi ya kusoma.

Riwaya tunayoihakiki hapa ni The Old Man and the Sea, yaani Mzee na Bahari, ya Ernest Hemingway. Ilitolewa mwaka 1952. Gazeti la Life la Marekani liliichapa yote katika toleo moja la Septemba mwaka huo, na nakala zaidi ya milioni 5 ziliuzwa kwa siku mbili. Mwaka 1953 ilipata zawadi ya Pulitzer, na mwaka 1954 mwandishi wake akapewa Zawadi ya Nobel ya Fasihi. Ni riwaya fupi isiyo na sura, na lugha yake ni nyepesi.

Tuliisoma kwa jioni kadhaa pamoja na wanadarasa wetu wa elimu ya siasa huko Kyela, tukiwafasiria kurasa zake wale wasiojua Kiingereza. Wengi wao ni wakulima wa mpunga na kakao. Wachache ni wavuvi wa upande wa Itungi na Matema. Tulikwenda darasani na maelezo yetu tayari. Tulirudi tukiwa tumeyafuta maelezo hayo karibu nusu, na sababu yake tutaieleza. Uhakiki huu ni matokeo ya darasa lile.

MUHTASARI WA HADITHI

Santiago ni mvuvi mzee wa kijiji kimoja karibu na Havana, nchini Cuba. Amekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku 40 za mwanzo alikuwa na kijana mmoja, Manolin, ambaye alimfundisha kazi tangu utotoni. Baada ya siku hizo 40 wazazi wa kijana wanaamua kwamba mzee ana mkosi, wanamhamishia mtoto wao katika mashua nyingine, na mashua hiyo inapata samaki watatu wazuri katika juma la kwanza. Kijana anatii kwa kuwa bado ni mtoto wa watu, lakini kila jioni anakuja kumsaidia mzee kubeba mishipi, chusa na tanga. Tanga lenyewe limetiwa viraka vya magunia ya unga.

Siku ya 85 mzee anakwenda mbali kuliko wavuvi wengine. Mchana samaki mkubwa aina ya nduaro anameza chambo, na badala ya kuvutwa yeye, anaivuta mashua. Mapambano yanaendelea mchana na usiku, kisha usiku wa pili, hadi mzee anamchoma kwa chusa na kumuua. Samaki ana urefu wa futi 18, na mashua ina futi 16, kwa hiyo haingii chomboni. Mzee anamfunga ubavuni na kutweka tanga kurudi nyumbani.

Damu inawaita papa. Wa kwanza anauawa kwa chusa, na chusa inapotea pamoja naye. Wanaofuata anawapiga kwa kisu alichokifunga kwenye kasia, mpaka kisu nacho kinavunjika. Anaendelea kwa rungu, na mwisho kwa mkono wa usukani alioung'oa. Anafika bandarini usiku akiwa na kichwa, mkia na uti wa mgongo tu. Asubuhi kijana anamkuta amelala, anaiona mikono yake iliyochanika, naye analia. Wanakubaliana kwamba tangu hapo watavua pamoja. Hadithi inaisha mzee akiwa usingizini, akiota simba.

WAHUSIKA

Santiago ni mfanyakazi wa kweli. Mwandishi anastahili sifa kwa jinsi alivyoieleza kazi. Tunaonyeshwa mishipi imeshushwa katika vina mbalimbali, ncha ya ndoana imefichwaje ndani ya chambo, mgongo unatumiwaje kuubeba mzigo wa kamba ili mikono ipumzike. Wavuvi wa darasa letu walisikiliza sehemu hizi kwa makini kuliko zote, na mmoja alisema kwamba mwandishi huyu lazima aliwahi kushika mshipi. Ni kweli. Hemingway aliishi Cuba kuanzia mwaka 1939 hadi 1960, alikuwa na chombo chake cha uvuvi, na aliwafahamu wavuvi wa kijiji cha Cojímar. Lakini tofauti ibaki wazi: yeye alivua kwa burudani, na wao walivua ili wale.

Manolin ni mhusika ambaye wahakiki wengi humpita haraka, nasi tunasema ndiye ufunguo wa riwaya. Ndiye anayemletea mzee chakula, kahawa, dagaa wa chambo na magazeti yenye habari za mchezo wa besiboli. Wawili hawa wana mazoea ya kuigiza. Kila jioni kijana huuliza habari za chakula, na mzee hujibu kwamba upo wali na samaki, ambao haupo. Kijana huomba kimia akavue dagaa, na wote wawili wanajua kwamba kimia kiliuzwa zamani. Heshima ya mtu mzima inalindwa kwa uongo mdogo ambao hakuna anayedanganywa nao. Yeyote aliyelelewa katika kijiji cha maskini anaijua adabu hiyo.

Samaki mkubwa si adui. Mzee anamwita ndugu, anamhurumia kwa kukosa chakula, na hata anajiuliza kama wako watu wanaostahili kumla. Hii si ndoto tupu ya mshairi. Mzalishaji mdogo anayekabiliana na maumbile kwa mikono yake huyaheshimu maumbile, maana anajua nguvu zake na anajua pia mpaka wa nguvu hizo.

Papa ni wahusika waliotuletea kosa kubwa katika kufundisha, nasi hatuna budi kulieleza.

KOSA LETU JUU YA PAPA

Katika maelezo tuliyokwenda nayo darasani tulikuwa tumeandika hivi: samaki ni jasho la mfanyakazi, papa ni mabepari wanaolinyonya jasho hilo. Ni maelezo mepesi, yanakaririka, na mwanafunzi akiyaandika katika mtihani hupata alama. Tulipoyasoma, mvuvi mmoja aliomba kusema.

"Mwalimu," alisema, "papa ni samaki. Ana njaa na amesikia damu. Hata kungekuwa hakuna bepari duniani, papa angekuja. Mimi nauliza, yule mwenzake wa chombo alikuwa wapi?"

Tulimjibu kwamba kijana alikuwa amehamishwa na wazazi wake.

"Basi huyo ndiye aliyemla samaki," alisema. "Si kijana, ni lile jambo lililomwondoa kijana."

Darasa zima lilinyamaza, nasi tulinyamaza pamoja nalo. Mvuvi yule alikuwa ameisoma riwaya vizuri kuliko sisi. Sisi tuliitafuta siasa katika mafumbo, tukaiacha ilipokuwa, yaani katika kazi. Kumgeuza kila mnyama wa hadithi kuwa tabaka fulani ni uvivu wa kufikiri. Tena ni uvivu wenye hatari, kwa sababu unamfundisha mwananchi kwamba unyonyaji una meno na mapezi yanayoonekana kwa mbali. Unyonyaji halisi huja kwa bei, kwa deni, kwa mgao wa mapato, na kwa kijana kuondolewa chomboni bila mtu yeyote kuonekana mbaya.

Wazazi wa Manolin si watu wabaya. Hawawezi kula siku 40 za mkosi. Mashua moja, mzee mmoja na mshipi mmoja haviwezi kustahimili muda mrefu bila samaki, na hakuna chama, mfuko wala ghala la pamoja linaloweza kuwabeba hadi bahari ifunguke. Kwa hiyo kila familia inajiokoa yenyewe. Nguvu kazi inaondoka pale inapohitajika zaidi na kwenda penye bahati. Mzee anabaki peke yake, na kwa kuwa yuko peke yake hana budi kwenda mbali zaidi kutafuta samaki mmoja atakayelipa siku zote zilizopita. Hapo ndipo msiba unapoanzia, kabla papa hata mmoja hajatokea.

Hemingway mwenyewe ameweka ushahidi wa jambo hili wazi. Tangu samaki aume hadi papa wa mwisho, mzee anasema tena na tena kwamba angependa kijana awepo. Anasema anapohitaji kushikiwa mshipi, anapohitaji kuona jambo akiwa na shahidi, anapohitaji mkono wake wa kushoto uliokakamaa usuguliwe. Wahakiki wa nchi za kibepari huyasoma maneno hayo kama upweke wa moyo. Sisi tunayasoma pia kama hesabu ya kazi: chombo hiki kina upungufu wa mtu mmoja.

MAUDHUI

Zana na deni. Mzalishaji anayeuza zana yake ili ale leo amekwisha kuiuza kazi yake ya kesho. Kimia cha Santiago kimeuzwa, kwa hiyo chambo chake lazima kitoke mkononi mwa mwingine. Mwanzoni mwa riwaya mzee anafikiria kununua bahati nasibu yenye namba 85. Mzee mwenyewe anauliza fedha watazikopa kwa nani, na wanazungumza juu ya kukopa. Mzee anaogopa, kwa kuwa anaona mwenye kuanza na mkopo hayuko mbali na kuombaomba. Mazungumzo hayo ni mafupi, lakini yanatosha kutuonyesha maisha yenye milango miwili tu, bahati na deni.

Bei. Samaki akiwa amefungwa ubavuni, mzee anapiga hesabu. Anamkadiria kuwa na uzito wa ratili zaidi ya 1,500, yaani karibu kilo 680. Akisafishwa zitabaki theluthi mbili, na bei ni senti 30 kwa ratili. Mzee anasema angehitaji penseli. Sisi tunayo penseli: ratili 1,000 kwa senti 30 ni dola 300. Yafaa tujiulize, senti 30 zilipangwa na nani? Riwaya haisemi. Inatuambia tu kwamba samaki hupelekwa kwenye nyumba ya samaki, na hapo hungoja gari la barafu liwachukue hadi soko la Havana. Mwenye barafu na gari ndiye anayeamua samaki wa leo ana thamani gani, maana samaki hawezi kugoma hadi kesho. Mzee anajua kila kitu juu ya bahari, lakini juu ya soko anajua bei tu.

Namna mbili za kuitazama bahari. Mzee anaiita bahari kwa jina la kike, kama wafanyavyo watu wanaoipenda. Vijana wenye maboya na mashua za injini, walizozinunua wakati maini ya papa yalipokuwa na bei kubwa, wanaiita kwa jina la kiume, kama mshindani au adui. Mwandishi anaeleza jambo hili kwa sentensi chache, lakini ndani yake mna mabadiliko mazima ya uchumi. Zana mpya imeleta fikra mpya. Injini si kosa. Injini iliyonunuliwa na mtu mmoja kwa pupa ya soko la maini ya papa humfundisha mwenyewe kuiona bahari kama mgodi. Injini iliyo mali ya wote, yenye taratibu za wote, ingeweza kumfundisha jambo jingine.

Vizazi. Mwishoni kijana anavunja amri ya wazazi wake na kusema ana mengi ya kujifunza. Mzee naye anapanga watengeneze mkuki mpya wa kuulia, na ubao wake utoke katika springi ya gari kuukuu la Ford. Wahunzi wetu nao hufua mapanga kutoka springi za magari, na darasa lilifurahi kusikia hivyo. Jambo kubwa hapa ni kwamba tumaini la riwaya halimo katika ushujaa wa mzee bali katika mpango wa wawili: chombo kimoja, watu wawili, zana bora. Ukurasa huo hausifiwi sana na wahakiki, nasi tunaona ndio wenye uzito kuliko yote.

UPUNGUFU WA MWANDISHI

Tumesifu, na sasa hatuna budi kukosoa.

Kwanza, Hemingway anamtukuza mtu mmoja mmoja mno. Kwake ushindi ni kutokubali moyoni kwamba umeshindwa. Ari ya namna hiyo tunaiheshimu, kwani hakuna ukombozi bila ari. Lakini ari isiyo na umoja humfikisha mtu nyumbani na mifupa. Wako wakufunzi wanaomtumia Santiago kuwahimiza vijana kwamba kila mtu avumilie peke yake. Mafundisho hayo ni ya hatari, maana yanamwambia maskini kwamba tatizo lake ni uhaba wa moyo.

Pili, yako mambo ambayo mwandishi aliyaona akayaacha. Mzee anakumbuka ujana wake, aliposhindana kukunja mikono na mtu mweusi wa Cienfuegos, mwenye nguvu kuliko wote bandarini. Shindano lilichukua mchana na usiku. Kulipopambazuka watu walitaka itangazwe sare, kwa sababu walitakiwa kwenda kupakia magunia ya sukari au kufanya kazi katika kampuni ya makaa. Hapo dirisha limefunguliwa: Cuba ya sukari, makuli wa bandari, saa ya kazi isiyongoja. Kisha dirisha linafungwa. Yule mtu mweusi hapewi hata jina. Tulinganishe na Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapwa mwaka 1979. Humo makuli wa bandari ya Unguja hawapiti kama watazamaji wa shindano. Rashidi na wenzake ndio hadithi yenyewe, na mgomo wa mwaka 1948 unaonyesha watu waliokuwa dhaifu mmoja mmoja wakiwa na nguvu walipokutana. Hata Marekani kwenyewe John Steinbeck alikwisha kuandika The Grapes of Wrath mwaka 1939, ambamo familia ya Joad, iliyofukuzwa katika ardhi, inajifunza njiani kwamba njaa ya jirani na yake ni moja. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili lilikuwa halionekani kwa mwandishi wa Kimarekani wa zama zile.

Tatu, na hili linatugusa sisi wenyewe, ni Afrika ya riwaya hii. Mzee alipokuwa na umri wa Manolin alifanya kazi katika jahazi lililofika Afrika, naye anaota fukwe zake na simba wanaocheza jioni kama paka. Katika ndoto hiyo mashua za wenyeji zinatajwa kupita kwenye mawimbi. Waliomo ndani ya mashua hizo hawatajwi. Hawana sura, hawana njaa, hawavui. Lakini mwandishi huyu aliijua nchi yetu. Aliwinda Tanganyika miaka ya 1933 na 1934, akaandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1935 na hadithi ya Kilimanjaro mwaka 1936. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953, mwaka mmoja baada ya riwaya hii kutoka. Mgeni mwenye bunduki aliwaona simba vizuri, na wenye mashua akawaona kwa mbali. Mmoja wa wanadarasa wetu alisema: "Kumbe tumo kitabuni, ila hatukuulizwa majina." Hatuna cha kuongeza.

Nne, mwandishi haitazami nchi inayokizunguka kijiji. Mwezi Machi 1952, miezi michache kabla ya riwaya kutoka, Batista alitwaa madaraka ya Cuba kwa nguvu. Hatudai kwamba kila riwaya iwe gazeti. Tunasema tu kwamba msomaji lazima ajue Santiago analala katika nchi gani. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 serikali mpya ilianzisha ushirika wa wavuvi. Hemingway alifariki mwaka 1961, na mwaka uliofuata sanamu yake ilisimamishwa Cojímar, nayo ilitengenezwa kwa vyuma vya mashua walivyochanga wavuvi wa hapo. Walimkumbuka kwa kuchanga, jambo ambalo hakumfanyia Santiago kitabuni.

MAFUNZO KWA MWAMBAO WETU

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: Cuba na Kyela wapi na wapi? Ziwa Nyasa si bahari, na halina papa. Ni kweli. Lakini kina chake kinafikia karibu mita 700, upande wa mashariki milima ya Livingstone inaingia majini kama ukuta, na upepo wa mwera ukivuma mtumbwi hauna pa kukimbilia. Mvuvi anayefuata usipa kwa taa usiku, au anayetega nyavu za mbasa, anayajua maisha ya Santiago bila kufasiriwa.

Fundisho la kwanza ni la mgao. Penye nyavu kubwa na taa, fungu la chombo, la nyavu na la taa hutangulia, kisha mabaharia hugawana kilichobaki. Mwenye zana anaweza kulala nyumbani siku 84. Baharia hawezi. Kazi ya ushirika wa wavuvi isiwe kugombea mnunuzi peke yake. Iwe pia kumwezesha baharia kuwa na sehemu katika zana, na kuwa na mfuko wa siku za mwera.

Fundisho la pili ni la bei, nalo linawahusu wakulima kama linavyowahusu wavuvi. Tulipofika kwenye gari la barafu, wakulima wa mpunga walicheka, maana walilifahamu. Mkulima aliyeuza mpunga ukiwa bado shambani kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa amekwisha kumpa mwingine penseli ya hesabu, na gunia la lumbesa humaliza kilichobaki. Katika miaka ya karibuni kakao ya Kyela imekuwa ikiuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Mfumo huo una lawama zake, hasa mkulima anapocheleweshewa malipo, na lawama hizo zisizibwe midomo. Lakini hata wanaolaumu hawataki kurudi kwenye kizani cha mlanguzi mmoja, kila mtu mlangoni kwake. Wanataka chama chao kiwe chao kwa kweli.

Fundisho la tatu ni la maumbile. Mbasa hupanda mito ya kwetu, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ili kutaga mayai. Anayeziba mlango wa mto kwa nyavu wakati huo anaitazama maji kwa jicho la wale vijana wa maini ya papa. Wazee wanasema mbasa amepungua sana, na hilo halikuletwa na mkosi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyoitwa BMU, vina wajibu hapa, lakini kikundi kinachokamata nyavu za maskini na kuacha za mwenye uwezo hakiwezi kusikilizwa na mtu.

Fundisho la nne ni la vijana. Unyakyusa ilikuwa na desturi yake ya vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakila nyumbani kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, mpaka kijiji chao kikasimama. Hatusemi turudi huko. Desturi ile ilikuwa na watemi wake na mizigo yake kwa wanawake. Tunasema tu kwamba kwa watu wa hapa kazi ya pamoja haikuletwa na kitabu. Iliyovunja mpango huo ni kazi ya mbali. Wakati wa ukoloni vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na hadi migodi ya Afrika Kusini chini ya shirika la WENELA, ambalo uandikishaji wake nchini ulikomeshwa baada ya uhuru wa 1961. Kila aliyeondoka alikuwa Manolin wa chombo fulani. Siku hizi anakwenda Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam, kwa sababu zile zile za wazazi wa Manolin: chombo cha nyumbani hakilishi. Kumlaumu kijana ni kumlaumu asiyehusika. Tujiulize chombo kimekosa nini.

HITIMISHO

Mwishoni mwa riwaya watalii wanaona uti wa mgongo mrefu ukielea bandarini kati ya takataka. Mwanamke mmoja anauliza ni kitu gani. Mhudumu wa hoteli anajaribu kueleza yaliyotokea, akianza na papa, na mwanamke anaelewa kwamba huo ni mfupa wa papa. Anausifu kwa uzuri wa mkia wake. Hemingway hakuandika jambo kali zaidi ya hilo. Kazi ya siku tatu, mikono iliyochanika na miaka ya ujuzi vimekuwa pambo lisiloeleweka machoni pa mtu asiyefanya kazi.

Sisi tulikaribia kufanya kosa hilo hilo. Tulikuja na fumbo la papa, tukaona mkia mzuri, tukakosa kuuliza habari za mvuvi. Aliyeturudisha njiani ni mtu ambaye kesho yake alfajiri alikuwa ziwani. Kwa hiyo tunawahimiza wakufunzi wenzetu wasiiondoe riwaya hii katika madarasa, wala wasiifundishe kama wimbo wa uvumilivu. Waisome mbele ya watu wa kazi, wawaache watu hao waseme kwanza, kisha walete nadharia.

Darasa letu lilipokwisha, wavuvi watatu walibaki nje wakizungumza habari ya kununua nyavu kwa kuchanga, na ya nani atashika daftari. Hatukuwafundisha hilo sisi, wala Hemingway. Mara ya mwisho tulipopita Matema walikuwa bado wanabishana juu ya daftari.